Sekunde Kumi za Kwanza: Utangulizi wa Umeme wa Diski Nyingi Nyumbani

Seva ya nyumbani yenye diski nane hula umeme mwingi kuliko wakati wowote mwingine katika sekunde kumi za kwanza baada ya kuwashwa. Ikishapita hapo hutulia, na inaweza kukaa miezi kadhaa bila kukifikia tena kiwango kile. Ziko sekunde nyingine chache zenye uzito uleule, nazo ni zile za umeme kukatika. Somo ninalomkaribisha msomaji limejengwa juu ya nyakati hizo mbili fupi. Anayezielewa ataunganisha diski nyingi chumbani mwake na kulala usingizi. Asiyezielewa anaweza kununua vifaa vya bei mbaya vitupu, na bado akaamshwa usiku na harufu ya plastiki inayoungua.

Ninaandika nikiwa na Temeke mbele ya macho kwa sababu huku diski nyingi zimefika kabla ya elimu yake. Kuanzia Chang'ombe hadi Mbagala Rangi Tatu kuna vyumba vya wapiga video wa harusi, send-off na maulidi. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kila sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja. Weka kamera mbili na sherehe ya saa sita, umeshapata gigabaiti 540. Kwenye diski ya terabaiti 8, harusi ya kumi na tano haienei yote. Kuipandisha harusi moja tu kwenye intaneti kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde kungechukua siku tano, usiku na mchana, bila kukatika. Wanamuziki nao wana mzigo wao. Wilaya iliyotoa kundi la TMK Wanaume, na kufanya herufi tatu za Temeke zitajwe nchi nzima miaka ya 2000, bado imejaa vijana wanaorekodi singeli na Bongo Fleva vyumbani mwao, kazi zao zote zikiwa kwenye diski mbili tatu zilizopangwa mezani. Mama akirudi leo kuomba mkanda wa harusi ya binti yake ya mwaka 2016, kuna uwezekano mkubwa kwamba mkanda huo uko mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo panategemea waya wa umeme.

Kwa kawaida safari huanza na kompyuta kuukuu ya ofisini, zile Dell OptiPlex na HP zinazoingia nchini kwa makontena. Mwenye nayo anamuuliza fundi: pawa saplai ya wati ngapi itatosha? Fundi anataja namba kubwa ili amalize ubishi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini linatangulizwa mno. La kwanza linapaswa kuwa hili: ampea ngapi zinapita wapi, na kwa muda gani? Nitakayoeleza hapa yote ni jibu la swali hilo, na nitaonyesha kwamba namba kubwa ya wati, ikichukuliwa peke yake, inaweza hata kuongeza hatari.

Tuanze na diski yenyewe. Diski ya inchi 3.5 hutumia umeme wa aina mbili: volti 12 kwa ajili ya mota, na volti 5 kwa ajili ya saketi zake. Ndogo ya inchi 2.5, ile ya laptop, hutumia volti 5 peke yake, ndiyo maana inaweza kuishi kwa waya wa USB. Ndani ya ile kubwa kuna sahani kadhaa zinazotakiwa kutoka kwenye kusimama kabisa hadi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika. Aliyewahi kusukuma mkokoteni wa magunia sokoni Tandika anajua kwamba ugumu wote uko kwenye hatua za mwanzo. Ukishaanza kubingirika, nguvu kidogo inatosha. Kwa diski zinazotumika sana katika seva ndogo, kama WD Red na Seagate IronWolf, nyaraka za watengenezaji hutaja ampea kati ya 1.75 na 2 kwenye volti 12 wakati wa kuamka. Ikishazunguka, diski nzima huridhika na wati tano hadi nane hivi. Stika iliyobandikwa juu ya diski haitakusaidia katika hili, kwa maana huonyesha matumizi ya kawaida, ambayo mara nyingi hayafiki ampea 1. Namba ya kuamka itafute kwenye waraka wa modeli husika.

Sasa tupige hesabu. Diski nane, ampea 2 kila moja, ni ampea 16. Zidisha kwa volti 12, unapata wati 192. Upande wa volti 5, tukikadiria ampea 0.7 kwa diski, zinaongezeka wati 28. Mazabodi, prosesa na feni tuvipe wati 60. Jumla ni wati 280 kwa sekunde chache, kisha diski zote nane pamoja zinashuka hadi wati 50 au 60. Pawa saplai inayoonekana ya kutosha mchana kutwa inaweza kuwa ndogo asubuhi inapowashwa. Ishara yake ni kompyuta inayojaribu kuwaka, ikazima, ikajaribu tena, au diski moja ya mwisho isiyoonekana mpaka uwashe mara ya pili.

Ukienda kununua pawa saplai Kariakoo, usiishie kwenye maandishi makubwa ya boksi. Geuza kifaa usome jedwali lililobandikwa ubavuni, kwenye safu ya volti 12. Unaweza kukuta boksi limeandikwa 500W, ilhali safu hiyo inataja ampea 16 tu, yaani zile wati 192 ambazo diski nane pekee zinazimaliza kabla prosesa haijapata kitu. Wati zilizobaki kwenye tangazo ziko kwenye volti 5 na 3.3, ambako huzihitaji. Pawa saplai nzuri ya leo hutoa karibu uwezo wake wote kwenye volti 12. Kuna pia jambo la zile OptiPlex: katika baadhi ya modeli umeme wa diski hautoki kwenye pawa saplai moja kwa moja, unapitia kwenye mazabodi na kutokea kwenye tundu dogo lililokusudiwa diski moja au mbili. Kutundika diski nane kwenye tundu hilo ni kuichoma mazabodi kwa makusudi.

Wahandisi walishatafuta njia ya kuupunguza mlima huu wa kuamka. Kampuni ya Backblaze ya Marekani ilipoonyesha hadharani mwaka 2009 namna ilivyojenga makasha yake ya diski 45, kila kasha lilikuwa na pawa saplai mbili za wati 760, zenye swichi mbili, ili diski zisiamke zote kwa pamoja. Nyumbani tunaweza kufanya hivyo bila swichi ya pili. Kadi nyingi za kuunganishia diski, hasa zile za seva zilizotumika, zina mpangilio wa kuziamsha diski kwa zamu, mbili baada ya mbili, kwa kupishana sekunde chache. Diski nyingi pia zinaweza kuwekwa katika hali ya kusubiri amri kabla ya kuzunguka. Ukiweka zamu ya diski mbili mbili, zile ampea 16 hazitokei kabisa. Zinazoamka hula ampea 4, na zilizotangulia zimeshatulia. Ninaipenda njia hii kuliko kununua pawa saplai kubwa, kwa sababu inaondoa mzigo wenyewe badala ya kununua kifua cha kuubeba. Sharti lake ni moja: hakikisha mfumo wako unasubiri diski zote ziamke kabla ya kuanza kuzisoma, la sivyo utadhani zimekufa.

Nimefika sasa kwenye sehemu ambayo ningemwomba msomaji aisome mara mbili, nayo ni nyaya na vichwa vyake. Hapa ndipo moto unapoanzia.

Kichwa cha umeme cha SATA kina pini 15. Tatu kati yake ni za volti 12, na kila pini imekusudiwa kupitisha ampea 1.5. Kwa hiyo kichwa kizima kinaruhusiwa ampea 4.5, ambazo zinatosha diski mbili zinazoamka pamoja na kubakiza kidogo sana. Lakini dukani utapata waya wa bei poa unaochomekwa kwenye kichwa kimoja cha SATA na kutoa vinne. Diski nne zikiamka kwenye waya huo, ampea 8 zinalazimishwa kupita kwenye pini tatu zilizokusudiwa 4.5. Kile kichwa kikubwa cha zamani cha pini nne, ambacho mafundi hukiita Moleksi, kina pini nene zinazostahimili mkondo mkubwa zaidi kwa volti 12. Kwa hiyo kugawa umeme kutoka Moleksi kwenda SATA kuna mantiki, kugawa kutoka SATA kwenda SATA nyingi hakuna.

Joto kwenye kiunganishi hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo: ampea zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Pini mpya na safi ina ukinzani mdogo sana. Katika mji wa pwani, wenye hewa ya chumvi, unyevu na vumbi la barabara, pini huota kutu nyembamba na chemchemi zake hulegea. Chukua ukinzani wa omu 0.1 tu, ambao kwa jicho hauonekani. Ampea 8 zikipita hapo zinazalisha wati 6.4 ndani ya plastiki isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Utasema ni kwa sekunde kumi tu. Ni kweli, ila kila kuwashwa kunailegeza chemchemi kidogo zaidi, na mtaa ambao umeme unakatika na kurudi mara nyingi unaihesabia seva kuwashwa kwingi kuliko ilivyopangiwa.

Kuna aina moja ya waya wa Moleksi kwenda SATA inayostahili kukataliwa kabisa. Ni ile ambayo kichwa cha SATA kimemiminwa plastiki kwa ujumla, nyaya zikazama ndani kama kitu kimoja. Wakati wa kumimina, nyuzi za volti 12 na za hasi zinaweza kusogeleana mno ndani ya plastiki hiyo, na hakuna wa kuliona hilo kwa nje. Miaka miwili mitatu baadaye plastiki inalainika, nyuzi zinagusana, kichwa kinawaka. Wajenzi wa seva za nyumbani duniani kote wameshaona picha za vichwa vya namna hii vilivyoungua. Chagua kile ambacho kila waya unaingia kwenye pini yake ya chuma iliyobanwa, na kifuniko cha nyuma unaweza kukiona kimepachikwa. Tofauti ya bei ni ndogo mno ukilinganisha na diski inayolindwa.

Na hapa ndipo wati nyingi zinapogeuka hatari. Pawa saplai ya wati 550 inaweza kuwa na uwezo wa ampea 45 kwenye volti 12, zote kwenye njia moja. Ulinzi wake dhidi ya shoti huamka pale mkondo unapovuka kiwango hicho. Kichwa kikianza kuungua polepole na kuvuta ampea 20 kupitia waya wa geji 18, wenye unene wa takriban milimita za mraba 0.8, pawa saplai haioni tatizo lolote. Kwake hizo ni ampea za kawaida, kana kwamba umeongeza kadi ya michezo. Itaendelea kuulisha moto kwa uaminifu. Breka ya ukutani nayo haitashtuka, kwa maana wati 240 ni kidogo kuliko pasi. Ndiyo maana ninasisitiza ampea zinapita wapi. Gawanya diski nane kwenye nyaya mbili au tatu zinazotoka kwenye pawa saplai yenyewe, diski tatu au nne kwa kila waya, na utumie vichwa alivyoweka mtengenezaji kabla ya kufikiria waya wowote wa kuongeza.

Mambo mawili ya nyaya nitayapitia haraka. Nyaya za kuchomoa za pawa saplai ya kampuni moja hazibadilishwi na za kampuni nyingine hata kama zinaingia vizuri. Upande wa diski umesanifiwa, upande wa pawa saplai kila mtu ana mpangilio wake, na volti 12 ikitua kwenye njia ya volti 5 diski zote kwenye waya huo zinakufa kwa mpigo mmoja. La pili linahusu diski zilizotolewa kwenye makasha ya USB au zilizotoka kwenye vituo vya data: baadhi zikipata volti 3.3 kwenye pini ya tatu hukataa kuamka, kwa sababu pini hiyo siku hizi hutumika kuamuru diski izime. Usiitupe wala usimrudishie muuzaji kwa ugomvi. Mara nyingi inatosha kuilisha kutoka kwenye Moleksi, ambayo haina volti 3.3. Kwa wanaobaki na diski za nje zenye adapta zake, neno langu ni moja: adapta ya laptop ya volti 19 huweza kuingia kwenye tundu la diski ya volti 12, na haiombi ruhusa kabla ya kuunguza.

Wasomaji wengi watakuwa wameshasikia habari za RAID, yaani kuzipanga diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki salama. Wazo hilo lilitangazwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hesabu yake inategemea dhana kwamba diski hufa moja moja, kila moja kwa wakati wake. Mwaka uliofuata watafiti wa kundi hilohilo walirudi na kuangalia vitu vinavyotumiwa na diski zote kwa pamoja, zikiwemo pawa saplai na nyaya, na wakaonyesha kwamba hivyo ndivyo vinavyoharibu hesabu. Miongo imepita na somo hilo bado halijafika kwenye meza nyingi. Diski zako nane zimejitenga kwa kila kitu isipokuwa umeme. Pawa saplai mbovu ikitoa volti 15 mahali pa 12 haichagui diski moja, inazipiga zote, na RAID yako ikiwemo. Kwa hiyo nakala ya pili ya kazi isiyorudiwa inapaswa kuwa kwenye diski isiyochomekwa kwenye seva hiyo, na ikiwezekana isiwe katika nyumba hiyo. Ndugu aliyeko Tabata au Kigamboni akikuwekea diski moja kabatini, amekupa ulinzi ambao hakuna pawa saplai inayouuza.

Sasa tutoke nje ya kasha, tufuate waya hadi ukutani na mtaani. Umeme wa TANESCO umekusudiwa kuwa volti 230 kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Kwa mtu wa Mbagala mto huo uko upande wa kusini, mwendo wa Barabara ya Kilwa, ingawa umeme wake hupita njia ya Chalinze kabla ya kumfikia. Uzalishaji umepunguza habari za mgao tuliouona mwaka 2022 na 2023. Hata hivyo seva haiishi kwenye gridi ya taifa. Inaishi mwisho wa waya wa mtaa, chini ya transfoma inayogawiwa na nyumba nyingi, saluni, mashine ya kusaga na mchomeleaji wa mageti. Mchomeleaji akigusisha chuma, taa zako zinafifia. Huo umeme mdogo hautajwi sana, lakini katika maeneo haya ni adui wa kila siku kuliko radi.

Pawa saplai ya kompyuta hudai wati zilezile hata volti zikishuka. Kwa makadirio, wati 280 kwenye volti 230 ni ampea 1.2, zikishuka hadi 160, ni ampea 1.75. Kwa hiyo umeme ukiwa mdogo, nyaya na soketi hufanya kazi kubwa zaidi. Pawa saplai nyingi za kisasa zinavumilia kati ya volti 100 na 240, ila UPS ya bei ya chini haivumilii: kila taa zinapofifia inarukia kwenye betri, na baada ya wiki kadhaa za mchomeleaji betri imekwisha bila umeme kukatika hata mara moja. Nunua UPS yenye kirekebisha volti ndani yake, ile inayoweza kupandisha umeme mdogo bila kugusa betri. Friji gadi si mbadala. Kazi yake ni kukata na kusubiri dakika kadhaa, jambo linalofaa friji na kuiua seva.

Namba ya VA kwenye UPS nayo isikudanganye. UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba wati 360 hadi 390, kwa hiyo zile wati 280 za kuamka zinaingia, ila zikikutana na televisheni kwenye ekstensheni hiyohiyo hazitaingia. Betri yake ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwa nadharia. Seva yetu ikitulia kwenye wati 110, hiyo ni dakika 45 kwenye karatasi na nusu yake au pungufu katika maisha ya kweli. Dakika kumi zinatosha, mradi zitumike kuzima vizuri na si kuendelea kuhariri video. Joto nalo linakula betri: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi karibu nusu, na chumba cha Dar mwezi wa Februari hakijui 25. Tenga fedha ya betri mpya mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Kuhusu ethi sitakubali mjadala. Ndani ya kila pawa saplai kuna kapasita ndogo zinazounganisha njia mbili za umeme na mwili wa kasha. Ethi isipokuwepo, mwili huo unaelea kwenye nusu ya umeme wa ukutani, yaani volti 115 hivi. Mkondo wake ni mdogo, ndio ule unaotekenya ukigusa kasha ukiwa pekupeku, na watu wameuzoea hadi wanadhani ndiyo tabia ya kompyuta. Siku kihami cha ndani kitakapopasuka, mtekenyo huo utageuka umeme kamili, na bila ethi hakuna kitakachoiambia breka ikate. Plagi ya pini mbili iliyosukumizwa kwa kalamu kwenye soketi ya pini tatu, ekstensheni isiyo na waya wa tatu, nyumba ambayo fimbo ya shaba haikupigwa ardhini au imepigwa kwenye mchanga mkavu: zote hizo zinaondoa ulinzi uleule. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA aipime. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni. Pawa saplai isifunguliwe, kwa maana kapasita zake kubwa hubaki na mamia ya volti baada ya kuchomolewa. Na namba ya Zimamoto, 114, iwe kwenye simu ya kila mtu wa nyumba hiyo.

Gharama pia ni sehemu ya usalama, kwa sababu seva inayomshinda mwenyewe kulipia huzimwa na kuwashwa hovyo. Wati 100 usiku na mchana ni uniti 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa mwezi wa siku 30. Daraja la D1, la wateja wa matumizi madogo, lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Seva peke yake inakaribia kulimaliza kabla ya balbu na friji, kisha LUKU inaanza kuuza uniti kwa bei ya juu zaidi. Diski chache zenye ujazo mkubwa ni bora kuliko nyingi ndogo: nne za terabaiti 16 zinabeba sawa na nane za terabaiti 8, kwa karibu nusu ya mzigo wa kuamka na nusu ya vichwa vya kuungua.

Zimebaki sekunde za mwisho. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu. Diski ikizimwa kwa utaratibu, vichwa hupandishwa polepole kwenye egesho lake. Umeme ukikatika ghafla, sahani zinazoendelea kuzunguka huigeuza mota kuwa jenereta ndogo, na umeme huo wa dharura ndio unaovirusha vichwa pembeni. Ni ubunifu wa kupendeza, lakini ni wa dharura, na huichosha diski kuliko kuegesha kwa kawaida. Diski huweka kumbukumbu ya kila tukio. Programu ya smartctl, isiyolipiwa, itakuonyesha kwenye mstari wa 192 idadi ya maegesho ya dharura kwa diski za watengenezaji wengi, kwenye mstari wa 12 mara ilizowashwa, na kwenye mstari wa 9 saa ilizofanya kazi. Ukinunua diski iliyotumika, omba kuisoma mistari hiyo kabla ya kutoa fedha. Diski yenye saa chache na maegesho ya dharura mengi imeishi maisha magumu, hata kama inang'aa.

Kwa seva yako, unganisha UPS na kompyuta kwa waya wake wa USB na uweke programu ya NUT, inayoizima seva yenyewe betri inapobaki kiasi ulichopanga. Kisha ingia kwenye mipangilio ya mazabodi na uiamuru isijiwashe umeme unaporudi. Umeme wa mtaani hurudi kwa kusitasita, unarudi, unakata, unarudi tena, na kila mara diski nane zingeamka na kuangushwa. Subiri robo saa, angalia kama taa zimetulia, ndipo uwashe kwa mkono.

Kifaa cha kwanza cha mwanafunzi wa somo hili ni multimita yenye kitufe cha kukumbuka kiwango cha chini kabisa. Siku ya kwanza ya vitendo, kabla diski hazijabeba kitu cha thamani, chomeka ncha zake kwenye Moleksi iliyo mwisho kabisa wa waya wa diski: nyekundu kwenye waya wa njano, nyeusi kwenye waya mweusi. Washa seva, subiri diski zote ziamke, soma namba. Kiwango cha ATX kinaruhusu volti 12 ishuke hadi 11.4. Ikiwa chini ya hapo, pima tena kwenye Moleksi iliyo karibu na pawa saplai. Kama ya karibu ni 11.9 na ya mbali ni 11.3, tatizo liko kwenye waya, gawanya diski. Kama zote mbili ziko chini, ndipo swali la wati linapofika zamu yake.